Baiskeli Ambayo Hakuna Aliyeijua

"Wananchi wote wa Malaba wanaarifiwa kwamba kuanzia leo hadi Ijumaa saa nne asubuhi, hakuna mtu anayejua lolote kuhusu Baiskeli Mpya."

Tangazo hilo nililiandika mimi, mwaka 1974, nikiwa katibu wa Kamati ya Kuzuia Kujua Mapema. Tulilibandika buchani, sokoni na pale malori yanapoegeshwa. Wananchi walilisoma kwa utulivu. Mama mmoja aliuliza, yale aliyokwisha kuyajua ayarudishe ofisi gani. Tulimshauri ayaweke nyumbani kwa muda.

Chanzo kilikuwa lori lililoleta baiskeli hizo kutoka Nairobi wiki nzima kabla ya sherehe ya kuzizindua. Dereva wake, Callistus, alitaka kumsalimu shemeji yake huko Chakol. Akafungua kreti, akaunga baiskeli moja, akamwomba Echodu amwendeshe. Echodu ni mtu wa makamo aliyekuwa akibeba abiria kwa baiskeli yake kutoka geti letu la mpakani, kuteremka darajani, hadi upande wa Uganda. Walikwenda Chakol wamepanda. Walirudi kwa miguu, Callistus akichechemea, baiskeli ikiwa begani mwa Echodu. Kufikia jioni stendi nzima ilikuwa na habari.

Mwenyekiti wetu, Bwana Phanuel Wabwire, Mkurugenzi wa Uzinduzi wa Bidhaa, alimwita Echodu mbele ya Kamati. Echodu alieleza kwamba hakuiba kitu; aliombwa na mwenye mzigo. Mkurugenzi alikubali, maana ni mtu wa haki.

"Baiskeli uliirudisha," alisema. "Habari umeirudisha?"

"Mzee, mimi nabeba wamama na watoto. Wenzangu wakinunua hiyo kitu bila kuambiwa, wakifika hapo kwa mteremko..."

Mkurugenzi aliinua mkono. Kama Kamati ingesikia, Kamati nayo ingekuwa imejua mapema. Sote tuliziba masikio. Mimi niliweka kalamu chini kwanza, na ndiyo sababu kumbukumbu za kikao kile ni safi hadi leo.

"Nani alikutuma useme?" Mkurugenzi aliuliza tulipozibua.

"Mguu wa Callistus."

Jibu hilo halikumsaidia. Kibao chake cha namba, kile cha bati kinachomruhusu kubeba abiria, kilichukuliwa hadi bidhaa izinduliwe, na baada ya hapo Kamati ingefikiria kama atarudishiwa. Bila kibao hawezi kubeba hata kuku. Mkewe Amuron alikuja kuuliza watoto watakula nini, tukamhakikishia kwamba swali lake limepokelewa. Halafu tukatangaza kwamba yeyote atakayenong'ona atapoteza chake pia.

Ijumaa ilikuwa nzuri. Mpango ulikuwa Mkurugenzi aendeshe Baiskeli Mpya kutoka getini hadi darajani, ageuke, apande kurudi, kisha atamke kwamba imezinduliwa. Waendesha baiskeli wote walikuja. Walisimama midomo imefungwa, nikaguswa na nidhamu yao. Kabla ya kuondoka, Mkurugenzi aliuliza kwa tabasamu kama kuna mwenye la kusema. Echodu alifungua mdomo, akakumbuka, akaufunga.

Mkurugenzi aliteremka kwa heshima. Kisha akateremka kwa heshima zaidi. Darajani hakugeuka. Aliinua mguu mmoja, halafu yote miwili, nasi tukadhani anaisalimu nchi jirani, tukapiga makofi. Alipita chini ya geti la Uganda akiwa ameinama, akasimama ndani ya magunia ya mkaa.

Askari wa upande ule walimwomba pasi ya kusafiria, na kibali cha kuingiza baiskeli. Hakuwa na hata kimoja. Baada ya muda walituma mtu kusema kwamba watamkabidhi kwa mtu wanayemjua tu, nao wanamjua Echodu, anayepita pale kila siku.

Nilikimbia kumwambia. Wenzake walikuwa wakitazama mawingu.

"Ningeenda, katibu," Echodu alisema taratibu, "lakini sina namba."

Nilimrudishia kibao papo hapo, na waya wa kukifungia nikauzungusha kwa mikono yangu.

Mkurugenzi alirudi amekaa kwenye karia, mweusi kwa mkaa, amemkumbatia Echodu kiunoni kama mtoto anayepelekwa zahanati. Aliposhuka aliuliza kwa nini hakuna aliyemwambia. Akawageukia wananchi, akavuta pumzi.

"Sikilizeni. Hizi breki..."

"Pole pole, mzee," Echodu alimkumbusha. "Bado haijazinduliwa."

Mkurugenzi alinitazama. Kama katibu, nililazimika kuthibitisha.

Alijifuta uso. Kisha akakiendea kipaza sauti na kusema maneno matatu: "Naizindua baiskeli hii." Neno la nne lilikuwa "breki", na kutoka hapo hakunyamaza hadi betri zilipoisha.