Mashine Isiyosubirisha Mtu

Jumatatu, 7 Septemba 1998

Mashine imeganda tena. Mara nne kabla ya saa sita. Igoma yote inachemka, bati la duka langu linalia kama bisi. Kompyuta inafanya kazi dakika ishirini, halafu basi: mshale hauendi, herufi hazitoki. Nazima, nafungua ubavu wake, naipepea kwa gazeti nusu saa. Ndipo inarudi.

Hii mashine ni kiinua mgongo changu chote. Shirika la pamba lilipotupunguza kazi, wenzangu walinunua ng'ombe. Tereza, aliyekuwa mke wangu, naye alitaka ng'ombe. Nikamwambia dunia imebadilika, soko huria, watu watataka barua zilizopigwa vizuri. Alikaa mwaka mmoja akizisubiri hizo barua, kisha akaenda kwao Kahama. Sasa ni miaka mitatu.

Mteja ni mmoja tu, Mwalimu Evelina. Anafundisha Sengerema, na hapa yuko kwa kaka yake mpaka utafiti wake uchapwe: kurasa themanini za vitendawili vya Kisukuma, kwa ajili ya chuo cha Butimba. Ukiisha kuchapwa anapanda kivuko, anarudi kwake. Yeye anasoma, mimi nachapa. Mashine ikiganda nachemsha chai, naye ananitegea kitendawili. Nikishindwa natoa mji, kama desturi ilivyo, ndipo ananipa jibu. Leo nimetoa Magu, Geita na Shinyanga. Nzega aliikataa, alisema hana ndugu kule. Tumefika ukurasa wa sita.

Ng'ambo ya barabara kuna Kaijage. Kijana wa Bukoba, msomi, kompyuta mbili, pangaboi, pazia la maua. Leo amenipa shikamoo mbele ya Evelina. Ana miaka thelathini na minane! Mimi nina arobaini na tisa. Shikamoo ya nini? Ni mbinu ya kunizeesha.

Nimeapa. Evelina hataenda kwa Kaijage. Mashine hii itaacha kuganda.

Jumanne, 8 Septemba

Nimekwenda kupeleleza. Kisingizio: kuazima stepla. Nikamkuta Kaijage amefungua mashine moja, akaanza kunifundisha bila kuombwa. Juu ya prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, kuna kipande cha alumini chenye mapezi kama ya sato, na kifeni juu yake. Kinaitwa hitisinki. Kazi yake kunyonya joto. Kaijage akasema nyingine zinatoka kiwandani na tumbo lenye mikwaruzo, hazilali sawasawa juu ya prosesa, hewa inakaa katikati na joto linakosa njia. Akasema Ulaya kuna watu wasio na kazi wanaozisugua kwa msasa mpaka zing'ae.

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilirudi dukani na stepla na siri.

Evelina alikuja saa nne, na mpaka jioni tulikuwa ukurasa wa kumi na moja. Nikamwahidi kwamba siku si nyingi mashine itakimbia. Akasema hana haraka, kivuko kipo kila siku. Mwanamke mwenye adabu sana. Anajua kuficha hasira.

Jumatano, 9 Septemba

Nimefungua mashine alfajiri. Hitisinki nimeitoa. Tumbo lake kweli lina mistari, ukipitisha ukucha unasikia. Nikaisugua kwenye baraza la saruji kwa nguvu zote, robo saa, mpaka mkono ukafa ganzi. Nikairudisha.

Zamani iliganda baada ya dakika ishirini. Leo, dakika nane.

Kurasa mbili tu. Vikombe saba vya chai. Nimetoa Dodoma, Singida, Tabora na Kigoma. Reli ya kati yote imekwenda. Evelina alicheka mpaka akafuta machozi kwa pembe ya kitenge. Najua alikuwa anaicheka mashine yangu. Aliondoka jua limeshuka, akasahau kalamu yake, akarudi kuichukua, akakaa tena kidogo. Nilimwomba radhi mara tatu kwa kumpotezea muda.

Ijumaa, 11 Septemba

Nimewaza jana kutwa. Kama tatizo ni hewa iliyo katikati, kitu cha kuijaza kinatakiwa. Kitu laini kinachopitisha joto. Nikaangalia kabatini. Samli! Mama ameniletea chupa nzima kutoka Bujora. Aliyewahi kushika kikaango anajua samli inavyobeba joto. Nikapaka kijiko kimoja, kisha kingine cha kuhakikisha.

Dakika kumi na mbili, ikaganda. Lakini harufu! Duka zima likanuka sikukuu. Sisimizi wakapanga mstari kutoka mlangoni mpaka kwenye tundu la disketi. Paka wa mama ntilie wa jirani akaja kulala juu ya mashine, nikimfukuza anarudi.

Evelina alisimama mlangoni akafumba macho. Akasema pananukia kama nyumbani kwa bibi yake. Akakaa. Hakufungua hata daftari. Akaeleza bibi alivyokuwa akisukasuka maziwa kwenye kibuyu huku akiwategea wajukuu vitendawili, anayeshindwa anasukasuka yeye. Kisha akaniuliza habari za Tereza. Sijui kwa nini nilimwambia. Nilisema miaka mitatu sasa asubuhi naamkiana na redio. Hakucheka. Akasema yeye hajajua bado kupika chakula cha mtu mmoja, kila siku anabakiza, na kila siku anajiambia kesho atapunguza.

Paka akakoroma. Saa kumi na mbili nikafunga duka.

Kurasa: sifuri. Siku ya hasara kuliko zote tangu nifungue biashara.

Jumapili, 13 Septemba

Kanisani, kisha nyumbani. Hakuna mtu. Jumapili ni ndefu, sijui nani aliipima.

Samli nimeiosha kwa sabuni na mswaki. Nikafikiri vizuri. Kosa lilikuwa baraza: saruji ina mabonde. Kusugua kitu kiwe bapa kunataka mahali bapa. Nyumbani kwangu kitu bapa ni kimoja tu, kioo alichoacha Tereza. Nikakishusha ukutani, nikakilaza mezani, nikatandika juu yake msasa wa maji, ule wa gereji wanaopiga magari rangi. Namba ya kukwaruza kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi. Matone ya maji ya sabuni. Nikachora mistari ya kalamu kwenye tumbo la hitisinki: mstari ukifutika wote, hapo pamekuwa bapa. Unasugua kwa kuzungusha namba nane, bila kukandamiza, kila baada ya muda unageuza upande.

Nilianza saa saba. Ile sauti, shua, shua, ilikuwa kama mtu mwingine yumo ndani anafua. Ilipokoma niliona kimya kimezidi, nikaanza tena ingawa mistari ilishafutika.

Jioni niliangalia tumbo la hitisinki nikaliona jicho langu. Linang'aa! Kioo ndicho kimeharibika, maji ya msasa yalipita pembeni yakakikwaruza katikati. Nimekirudisha ukutani. Nikijitazama naona masikio, uso una ukungu. Si kitu. Kunyoa naweza kwa kupapasa.

Jumatatu, 14 Septemba

Evelina hakuja, amekwenda Butimba kuonana na mkufunzi wake. Vizuri, nafasi ya kufanya kazi.

Mihayo fundi redio amenipa tone la ile dawa nyeupe wanayopaka chini ya transista. Kiasi cha punje ya mchele, alisisitiza, si kijiko. Inaelekea habari za samli zimemfikia. Nikapaka, nikalaza hitisinki. Ikanata kama imezaliwa pale.

Wakati huo akaingia Kaijage. Shikamoo tena. Amefuata stepla yake. Akaitazama mashine iliyo wazi, akanitazama mimi, akakaa kwenye kiti cha Evelina. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba angekuwa yeye, angeiacha igande. Akasema akiwa kwake ng'ambo anamwona yule mwalimu anavyokishika kikombe cha chai kikiwa kimeshakwisha, na mtu mwenye haraka hashiki hivyo kikombe kitupu. Akasema nifikirie.

Nilifikiri. Haikunichukua muda kumwelewa. Wivu! Mashine yangu iendelee kuganda, Evelina achoke, avuke barabara! Nimemrudishia stepla yake. Pini nimezitoa.

Jumanne, 15 Septemba

Ushindi.

Saa moja bila kuganda. Saa mbili. Saa tano! Umeme wenyewe haukukatika. Kurasa thelathini na nne kwa siku moja. Chai hatukunywa, wakati wake haukupatikana. Evelina alisoma mpaka sauti ikakauka. Mchana akasema labda mashine ipumzishwe kidogo, tusije tukaiua. Nikamwambia aguse. Akaweka kiganja ubavuni. Baridi kama mtungi. Akakiri kwamba kweli ni baridi, akafungua ukurasa unaofuata.

Amekwenda nyumbani saa tisa. Zamani aliondoka magharibi. Huo ndio ufanisi.

Jumatano, 16 Septemba

Tumemaliza saa nane mchana. Siku mbili tu kwa kazi ambayo Kaijage angeifanya wiki nzima! Printa ilipiga kelele mpaka ukurasa wa themanini. Evelina akazipanga karatasi, akazifunga kwa utepe, akazifungua, akazifunga tena. Nilidhani utepe ni mbovu, nikampa kamba.

Hakuinuka. Akasema kimebaki kitendawili kimoja hakimo kwenye utafiti. Nikamwambia atege. Akasema: nina mgeni nyumbani, akikaa ananiliza, akiondoka nalala njaa.

Sikuwa na nafasi ya kufikiri, nilikuwa naangalia saa nione mashine inakaa muda gani ikiwa haina kazi. Nikashindwa. Akasema nimpe mji. Nikampa Musoma, akakataa. Bariadi, akakataa. Nikamwuliza anataka upi. Akasema anataka Igoma.

Nikamweleza kwa heshima kwamba Igoma siwezi kuutoa, nina biashara hapa. Nikamwambia achukue Sengerema, mji mzuri, una upepo.

Akakitazama kikombe, ambacho leo hakikuwa na kitu tangu asubuhi. Kisha akasema haya, ameipokea Sengerema. Akanipa mkono, akaweka karatasi zake kwenye kikapu, akaondoka. Mlangoni aligeuka. Nikamwonyesha mashine bado inakwenda.

Jibu la kitendawili hakunipa! Nimetoa mji mzima na jibu sikupata. Mwalimu mzima anavunja desturi.

Jumamosi, 19 Septemba

Mashine ina siku tano haijaganda. Wala haina cha kuchapa. Naiwasha asubuhi, inanguruma taratibu, naitazama. Mchana naweka mkono ubavuni. Baridi.

Kwa Kaijage leo kulikuwa na vurugu. Mashine yake moja imeanza kuganda, watu wamejaa benchi, wanasubiri, wanacheka, mama ntilie anawapelekea chapati na chai. Nikasimama mlangoni kwangu nione anavyoaibika. Akavuka kuja kuniazima kiti. Nikampa cha Evelina, maana kwangu hakuna anayesubiri.

Nikamwuliza kile kitendawili, kwa ujanja, kana kwamba nimekitunga mimi. Akajibu papo hapo: moto wa jikoni. Ukiwapo, moshi unakuliza, usipokuwapo unalala njaa. Akasema kila mtoto anajua. Akaniuliza aliyenitegea ni nani, nami nikamwambia. Akauliza alitaka mji gani. Nikamwambia. Kaijage akashika kichwa kwa mikono yote miwili, akakaa kwenye kile kiti katikati ya barabara mpaka lori likampigia honi.

Jibu lake si sahihi. Mtu wa kuwekeza kwenye pangaboi atajua nini habari za moto? Joto ndilo adui niliyemshinda, haliwezi kuwa mgeni wa kuliliwa.

Nyumbani sikuwasha jiko. Mkaa wote ule kwa ajili ya mtu mmoja! Nimekula karanga, nimelala.

Jumapili, 27 Septemba

Barua! Imekuja na abiria wa kivuko. Evelina ananisalimu. Sengerema kuna upepo kweli kama nilivyosema, tena mwingi. Amepata daftari la pili la bibi yake, hadithi, kama kurasa mia moja na zaidi. Anaweza kuja likizo ya Desemba kuzichapa. Anauliza kama mashine bado inaganda mara mojamoja. Amepiga mstari chini ya neno mojamoja.

Nimeisoma mara sita. Bado ana wasiwasi, maskini! Zile siku za mwanzo zilimtesa kuliko nilivyojua. Nikatoka mbio nikaichukua hitisinki, nikaisugua tena juu ya kioo cha Tereza, namba laini kuliko zote. Sasa kioo hakionyeshi hata masikio.

Jibu nimelichapa mwenyewe, bila kosa hata moja. Nimemhakikishia kwamba haigandi tena na haitaganda kamwe. Nimemwambia asijisumbue kuvuka ziwa: daftari alikabidhi kwa karani wa kivuko, nitalichapa siku mbili na kulirudisha kwa njia hiyohiyo, hatahitaji hata kufika. Nikaongeza kwamba kiti pia sina.

Kesho barua inaondoka na kivuko cha kwanza. Safari hii Kaijage hampati.