Maiki Inayofunguliwa na Mvua

Jumatatu, 12 Aprili 1999
Aibu! Chuo cha kompyuta ninapofundisha kilikuwa kitupu, nikafanya mazoezi ya yale nitakayomwambia Chepkosgei, anayeuza maziwa ng'ambo ya barabara. "Chepkosgei, tangu nikuone, chai yangu yote inapoa." Kumbe maiki iko wazi! Ephantus, mwenye chuo, ameigundisha juu ya skrini, na spika ameziweka barazani zipige nyimbo za injili zivute wateja. Barabara nzima imesikia. Chepkosgei alijifunika uso kwa leso. Nimeifunga maiki kwenye kompyuta. Nyaya siwezi kugusa, Ephantus ameapa kunifuta kazi.

Jumanne, 13 Aprili
Mvua ya alasiri, kama kawaida ya Kericho. Stima ikapotea, ikarudi, kompyuta ikajiwasha upya. Nikaendelea na mazoezi bila wasiwasi. Maiki wazi tena! Hii Linux inayoendesha kompyuta, ikiwaka upya inasahau yote niliyoiambia. Niliiweka mimi, Ephantus akitaka ile ya kawaida. Mtaalamu ni mtaalamu. Kiplimo, dereva wa lori la majani chai, alipita akaniuliza kama chai bado ni moto. Mshenzi! Na wazee wake wanaenda kuposa Ndanai Jumamosi, kwao Chepkosgei. Moyo unaniuma. Namtaka yule msichana kuliko kitu chochote.

Alhamisi, 15 Aprili
Jana mvua ilinianika tena. Leo, ushindi! Nimeongeza amri kwenye yale ambayo kompyuta husoma kila inapowaka: funga maiki. Stima ikaenda, ikarudi. Kimya! Nikasema yote, machozi yakinitoka: kwamba nikimwona dirishani akiosha vikombe nasahau somo, kwamba akikubali tu, wazee wangu watakuwa Ndanai kesho. Sijawahi kusema vizuri hivyo. Hakuna aliyesikia hata neno. Kumwambia ana kwa ana sasa ni kazi ndogo. Labda wiki ijayo.

Jumatatu, 19 Aprili
Chepkosgei ameingia chuoni kwa mara ya kwanza. Alikuja kuniaga. Wazee wa Kiplimo wamekubaliwa. Nikamuuliza haraka ya nini.

"Mwalimu, kila mvua ikiisha nilikuwa nasimama dirishani nikusikie. Alhamisi nilizima hata redio. Ukanyamaza. Nikajua umeniacha."

Akaenda. Nimeitazama hiyo barabara mpaka jioni, na kila leso iliyopita nilidhani ni yake.

Pale kwa maziwa sasa yuko binamu yake, Nelvine. Ana tabasamu la upole. Nimeanza mazoezi leo leo. Maiki nimeikagua mara mbili. Imefungwa kabisa.