Jinsi Odero Alivyopunguza Sauti ya Gitaa Noonkopir

Sogeeni, enyi wakazi wa Kitengela, nanyi mlioko mbali hadi Oltepesi, mtege masikio. Maana siwasimulii vita vya wafalme, bali vita vikali kuliko hivyo: vya mwaka ule wa elfu mbili na nne, Odero mtesa-nyuzi, mtikisa-madirisha, alipoingia studio ya Ngui kurekodi albamu ya ushirikiano.

Ushirikiano! Neno hilo alikuwa amelihubiri mtaa mzima wa Noonkopir. Akamwita Kavutha, kiongozi wa kwaya ya kanisa. Akamwita Sironka wa Oltepesi, ambaye sauti yake ya kooni ilivuka vilima. Nao wakaja kwa moyo mweupe: Kavutha aliomba ruhusa kazini, Sironka akamwachia jirani ng'ombe wake.

Odero akalifungulia gitaa sauti hadi mwisho, akazisugua nyuzi kwa kijiko, akazikwaruza kwa msumari, kwani yeye alikuwa mtu wa majaribio. Magodoro yaliyofunika kuta yakatetemeka. Kuku wa jirani wakahama kiwanja. Kavutha akaimba hadi mishipa ya shingo ikamtoka, Sironka akanguruma kama radi ya Aprili. Kisha Ngui, fundi wa mitambo mwenye masikio yaliyozoea mateso, akawachezea kazi yao. Likasikika gitaa. Halafu gitaa. Na chini yake, mbali mno, kitu kama mtu anayeitisha maji kisimani.

"Huyo ni mimi?" Kavutha akauliza.

Odero akasimama wima, akanena: "Dada yangu, wewe ndiwe ardhi. Jengo likisimama ardhi haionekani, lakini ndiyo inayolibeba. Historia itakukumbuka kwenye jalada."

Sironka akajifunga shuka yake. "Hii gitaa yako haina haja na mtu," akasema kwa upole, akatoka.

"Kwa kwaya tuko wengi na kila mtu anasikia mwenzake," Kavutha akamwambia. "Hapa tuko watatu na nimesikia mmoja. Rekodi peke yako, lakini usiite hiyo ushirikiano."

Hapo shujaa, ambaye hakuwahi kumtii mwenye nyumba wala mchungaji, akakitazama kile kitufe cha sauti, asikiguse. Maana alikuwa na hofu asiyomwambia mtu: kwamba kelele zikipungua, watu wangesikia jinsi anavyopiga.

Akakizungusha. Kidogo. Kisha kidogo tena. Akakimbia nje, akamfikia Sironka barabarani, akamwomba arudi.

Wakarekodi upya. Gitaa likakosea, na kila mtu akasikia; lakini zile sauti mbili zikapanda juu yake, moja nyembamba, moja nzito, hata Ngui akasahau chai yake mezani.

"Sasa iko na wimbo," akasema.

Basi na vizazi vijue, toka Kajiado hadi Entarara, kwamba mchana kweupe, bila kushikiwa panga, mwanamume mwenye gitaa alipunguza sauti yake kwa hiari. Hakuna aliyewahi kuliona jambo hilo kabla. Na kwa ninavyowajua wapiga gitaa, tusilitarajie tena.