Laptop ya Kwaya Yalazwa Mashimoni

Tonny Oluoch alijiita daktari wa kompyuta, na kibanda chake cha mabati pale Mashimoni alikiita kliniki. Siku Nereah, mwalimu wa kwaya kutoka Gatwekera, alipoingia na laptop ya kanisa kwapani, Tonny hakumtazama usoni hata kidogo. Laptop ilikuwa mpya, na alimjua mtu Kawangware ambaye angeinunua bila kuuliza maswali.

"Niaje, mwalimu. Shida ni gani?"

"Hii iko na mifumo miwili, Windows na Linux. Biti za nyimbo zetu, ile midundo tunayoimbia, nilidownload nikiwa Linux, lakini programu ya kuzipiga iko Windows. Nikiingia Windows, sioni kitu. Na Jumapili tuko na mashindano."

Kazi yenyewe ni ya dakika moja: unaiwasha kwa Linux, unanakili mafaili, unayabandika kwenye folda ya Windows, basi. Lakini dakika moja haitoshi kuuza mali ya wenyewe. Tonny akaweka sikio kwenye kibodi, akaguna.

"Huyu ni mgonjwa mahututi. Katikati ya Linux na Windows kuna ukuta, lazima nipasue polepole. Nitamlaza siku tatu."

Nereah akaondoka na huzuni yake. Tonny akapiga simu Kawangware, akaanza kuifunga laptop kwa gazeti.

Hapo ndipo daktari wetu alipojikaanga. Watu wa Nereah hawamwachi mgonjwa wodini peke yake. Kabla Tonny hajamaliza kufunga, Nereah alirudi na kwaya nzima, wamebeba chupa za chai, mikate na stuli.

"Mbona mgonjwa amefunikwa gazeti?" akauliza Aluoch, mweka hazina wa kwaya.

"Anasikia baridi."

"Woi. Basi tumwimbie."

Wakaimba. Wateja walichungulia wakaenda zao. Mnunuzi wa Kawangware alifika, akaona watu ishirini wamefumba macho, akadhani kuna msiba, akavua kofia na kurudi alikotoka.

"Kwani mnatoka saa ngapi?" Tonny akauliza kwa sauti ndogo.

"Si ulisema siku tatu?" Aluoch akajibu. "Tumepangana zamu."

Baada ya saa tatu za nyimbo, Tonny alisalimu amri. Akawasha Linux, akanakili, akabandika, akahamia Windows. Biti zikalia kibanda kizima. Nereah alitokwa na machozi ya furaha, kwa maana bila biti hizo hawangepanda jukwaani.

"Sasa tuongee malipo," Tonny akasema.

"Ya nini?" Aluoch akadakia. "Wewe ulisema siku tatu. Sisi tumeomba masaa matatu, amepona. Nani ameponya?"

"Bwana," kwaya ikajibu.

Aluoch akatoa kikapu cha sadaka ya shukrani. Wakaanza wimbo, kikazunguka, kila mtu akatia chake, kikafika kwa Tonny kikakaa hapo. Wimbo ulipoisha, wakauanza upya. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni, wote wakiangalia mkono wake. Tonny akautia mfukoni, akatoa mauzo yake yote ya asubuhi, akayatia kikapuni.

"Barikiwa, daktari," Nereah akasema, akabeba laptop na kikapu.