Ombi la Kupanuliwa kwa Diski C Kabla ya Mahafali

Chuo cha Wauguzi Genet,
Dessie.

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Ato Seyoum,

Nakuandikia kwa heshima zote. Mimi ni Woizero Yeshimebet, mtunzaji wa seva ya akiba, ile mashine inayohifadhi nakala ya kila kitu cha chuo. Diski yake ya mfumo, tunayoiita C, imejaa pomoni. Leo ni siku ya kumi na moja haijahifadhi alama za wauguzi 412 wanaohitimu wiki ijayo, na umeme wa Dessie unaujua mwenyewe. Ukikatika vibaya, tutawavisha majoho watu ambao hatujui kama wamefaulu! Malalamiko yangu ni haya:

1. C ni finyu kama jiko la nyumba ya kupanga, ilhali diski D hapo jirani ni uwanja mtupu. Katikati kumekaa kipande kidogo cha diski, kinaitwa cha uokoaji, ambacho hakijawahi kumwokoa mtu, na kisipoondoka, C haipanuki hata unyayo. Naomba kifukuzwe kazi kwa barua rasmi.

2. Ato Zelleke wa uhasibu ameweka humo video ya harusi ya binti yake, siku zote tatu. Nilipomwomba aitoe, alinijibu mbele za watu: "We dada, una kichaa? Harusi hairudiwi! Futa hizo alama, watoto warudie mtihani." Niliumia sana, na chakula cha mchana nikakisusa.

3. Kila mashine inapolia kwamba imejaa, Birhanu, fundi wetu wa kompyuta, yuko kwenye kahawa. Nikimwita anasema, "Aa, Yeshi, hiki kikombe cha kwanza tu. Niondoke kabla ya cha tatu, kile cha baraka?" Basi nakaa, nakunywa vyote vitatu, mashine inalia. Naomba iamriwe kulia baada ya kikombe cha tatu.

4. Kwa kuwa hayo huenda yasitoshe, ukuta kati ya chumba cha seva na ofisi yako ubomolewe, mashine ipate nafasi. Wewe unaweza kuhamia kwa Ato Zelleke.

5. Yote yakishindikana, mahafali yasogezwe hadi Pagume, ule mwezi wetu wa mwisho wenye siku tano tu. Mashine hii ilitengenezwa ughaibuni, haijui mwezi wa kumi na tatu, kwa hiyo siku hizo tano haiwezi kujaa.

Kwa upande wangu sina doa. Kila Jumatatu agizo langu la kufuta nakala kuukuu hupita ndani ya C bila kukosa. Uzembe ni wa wengine wote, na kila mmoja nitampa nakala ya barua hii.

Unisalimie mkeo na watoto, walinzi wa getini, mama anayetupikia injera, na hata Ato Zelleke.

Mtumishi wako mwenye uchungu,
Yeshimebet Zergaw

Nyongeza kwa mkono: Nilipokuwa nakuchapia agizo langu la kufuta, uone nilivyo makini, nimelisoma. Linasema: futa kila kilichohifadhiwa kabla ya mwaka 2016. Niliandika mwaka wa kalenda yetu, iliyo nyuma ya ile ya Wazungu kwa miaka saba au minane. Mashine inahesabu kwa ya Wazungu, na tuliinunua mwaka wao wa 2019. Miezi yote hiyo haikuona cha kufuta! Nimerekebisha. Zaidi ya nusu ya C ni tupu, alama zote 412 zimehifadhiwa, nami nimecheka mpaka nikalia. Tafadhali ichane barua hii. Iliyo kwenye kompyuta yangu nimeifuta, lakini nakala yake imeshaingia kwenye seva, na seva, namshukuru Mungu, sasa haipotezi kitu.