Mzazi wa Kujitolea, Idara ya Mistari

Jumatatu, 11 Agosti

Mkutano wa wazazi shuleni. Nimekwenda kwa sababu Mama Zulfa alisema mmoja wetu lazima aende, na yeye alikuwa anatwanga. Mwalimu Prisila amerudi kutoka semina Dar na mchezo mpya, besiboli. Unarushiwa mpira, unaupiga, unakimbia kuzunguka vituo vinne mpaka unarudi ulikotoka. Nikajiuliza kwa nini mtu asibaki tu pale pale.

Aliposema kila mtoto atashika gongo, Bi Amna akasimama. Kwake hakuna gongo, hata la kunusa! Ikabidi Mwalimu alitoe kwenye gunia. Ni mti tu, kama mchi uliokonda. Bi Amna akakaa.

Timu ina watoto tisa, wote chini ya miaka kumi. Zulfa wangu yumo. Jumamosi wanacheza na watoto wa Likunja, kule Ruangwa. Mwalimu hawezi peke yake. Anataka wazazi wa kujitolea: wa uji, wa maji, wa kuchora mistari, na mmoja wa kumsaidia kufundisha. Huyo wa mwisho atapewa filimbi na kofia.

Kofia! Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Nikasema mchezo huo nimeucheza sana ujanani, Mtwara. Sijawahi hata kuuona. Zulfa alikuwa dirishani. Akaniangalia tu.

Mkono mwingine ukapanda nyuma. Shija, yule mfugaji aliyehamia mwaka juzi ng'ambo ya bonde, baba yake Minza. Akasema mchezo haujui, ila kutupa anaweza kidogo. Mwalimu akasema kesho atatujaribu wote wawili.

Maskini Shija. Nimemhurumia.

Jumanne, 12 Agosti

Sihitaji huruma ya mtu.

Waliweka kopo juu ya nguzo. Shija akarusha mpira mara moja, kopo likaruka. Likarudishwa. Likaruka tena. Watoto wakapiga kelele kama wamemwona tembo. Akaeleza kwa aibu kwamba amechunga ng'ombe tangu ana miaka sita, na ng'ombe anayeingia shamba la mtu haitwi kwa jina, anatupiwa donge la udongo mbele ya pua.

Zamu yangu. Nilijinyoosha kwanza, ili ionekane kitaalamu. Mpira ukaenda nyuma yangu. Mpaka sasa sielewi. Ukatua juu ya bati la ofisi ya walimu, na Mwalimu Mkuu akatoka na kikombe cha chai kisicho na chai.

Shija kapewa filimbi na kofia. Kofia inambana, lakini kaivaa hivyo hivyo. Mimi nimepewa mistari.

Njiani Zulfa aliniambia taratibu, Baba, wewe hujawahi kucheza. Nikamwambia zamani sheria zilikuwa tofauti.

Jumatano, 13 Agosti

Nimepata wazo. Nitachora mistari ambayo kijiji chetu cha Nambambo hakijawahi kuiona! Watu wasahau kopo.

Chokaa hakuna. Lakini Mama Zulfa alikuwa ameanika unga wa muhogo kwenye mkeka, mweupe kama karatasi. Nikachukua kidogo. Kidogo cha ndoo mbili. Mpaka saa nne asubuhi uwanja uling'aa. Nikaenda kunywa chai ili nirudi watu wakiwa wameshajaa kunisifu.

Nimerudi, nimekuta wamejaa kuku. Kuku wa kijiji kizima! Mstari wa kwanza ulikuwa umekwisha, wa pili unaliwa, na mbuzi wawili walikuwa wamelala kwenye kituo cha tatu wameshiba. Mazoezi yaligeuka kazi ya kufukuza mifugo. Minza alidaka jogoo kwa glavu ya kudakia mpira, safi kabisa, na baba yake akapiga filimbi. Mwalimu Prisila akasema semina nzima hakuna aliyewataja kuku.

Jioni Mama Zulfa akaukagua mkeka wake. Hakupiga kelele. Aliwapakulia watoto, akajipakulia, akaniambia ugali wangu uko uwanjani, nikaule kule kule kwenye kituo cha kwanza.

Alhamisi, 14 Agosti

Asubuhi Shija kaja nyumbani. Kaleta maziwa, na ndoo ya majivu. Akasema majivu yanachora vizuri na hakuna kuku anayeyataka. Nilimshukuru kwa mdomo.

Mistari imetoka vizuri ajabu. Nimemwambia Mwalimu ni utafiti wangu.

Sasa jambo ambalo sikulipenda. Kumbe Zulfa, mpira ukimjia, anafumba macho. Kila mara. Umempita, umempiga begani, bado kafumba. Mimi baba yake sikuwa nimeliona, nilikuwa nimeinamia ndoo. Shija ndiye aliyeliona. Akamkalisha chini, akawa anamrushia mpira wa matambara, polepole, karibu, wakiongea habari za ndama. Mara ya kumi hivi akaudaka. Akacheka kicheko ambacho nyumbani sijakisikia tangu mvua.

Nilisimama na ndoo yangu ya majivu. Roho iliniuma kweli.

Jioni nikajaribu na mimi, kwa limau. Zulfa alifumba macho. Limau liliingia kwenye sufuria ya mboga. Mama Zulfa sasa anaongea na mimi kwa ishara.

Ijumaa, 15 Agosti

Mpango kamili. Kirikuu cha kutupeleka Likunja kinaondoka saa moja asubuhi. Nimekutana na Shija kisimani nikamwambia saa tatu. Hakuuliza mara mbili, akasema ahsante, Baba Zulfa. Kesho nani atashika filimbi? Mimi!

Khutba ya leo imehusu jirani. Nilikaa nyuma ya nguzo.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika mkono ukiuma, nimeshikilia pikipiki mwendo wa saa moja na nusu.

Saa moja kamili watoto walikuwa ndani ya kirikuu, mimi mbele. Mwalimu akahesabu. Wanane. Akahesabu tena. Minza yuko wapi?

Jamani! Nilipanga kumwacha baba. Sikukumbuka kwamba baba angekuja na mtoto wake.

Mwalimu akasema wanane hawachezi, wakifika wanane ushindi wanapewa Likunja. Dereva akasema hasubiri, ana mzigo mwingine mchana. Watoto wakaanza kulia, mmoja mmoja, kama mbuzi. Zulfa hakulia. Alinitazama kama alivyonitazama dirishani siku ile.

Nikashuka. Nikawaambia tangulieni, tutawakuta. Nikakimbia. Miaka arobaini na saba, na kandambili! Nikavuka bonde lote mpaka kwa Shija. Nikamkuta amevaa shati lililopigwa pasi, kofia kichwani, Minza kando yake na glavu, madumu ya maji yamefungwa kwenye pikipiki. Wamekaa tu, wanasubiri saa tatu ifike.

"Baba Zulfa, kuna msiba?"

"Gari limeondoka. Ilikuwa saa moja."

"Si tuliambiwa saa tatu?"

"Mliambiwa vibaya."

"Na nani?"

Nilitafuta jina. Naapa nililitafuta. Minza alikuwa ananitazama na glavu yake kifuani.

"Na mimi. Kwa makusudi, Baba Minza. Nilitaka filimbi."

Shija akaniangalia tangu kandambili mpaka kichwani. Nikajua leo ng'ombe wa kutupiwa donge la udongo ni mimi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika usukani wa pikipiki asianguke.

"Filimbi tu? Si ungeniomba! Panda, mzee, tunachelewa."

Tumefika Likunja weupe kwa vumbi, dakika ishirini kabla ya mchezo. Shija hakumwambia mtu neno. Alinivua aibu akanivisha filimbi, mbele ya Mwalimu, akasema leo Baba Zulfa atapuliza. Nilipuliza mara tatu, zote mahali pasipotakiwa, ikachukuliwa.

Tumefungwa kumi na nne kwa kumi na tatu. Lakini mwishoni mpira mmoja ulipaa juu kabisa, ukawa unamshukia Zulfa. Nikasahau kila kitu, nikasahau hata Shija. Akainua glavu. Ukaingia! Hakuuachia!

Akaja mbio mpaka kwangu, anahema.

"Baba, umeona? Nimefumba moja tu!"

Nilikuwa na vumbi machoni. Barabara ile ina vumbi sana.

Jumapili, 17 Agosti

Siku ya kutafakari. Nimetafakari mpaka saa tatu asubuhi. Nimeona wazi kwamba mtu hujitolea kwa ajili ya watoto, wala si kwa ajili ya kofia. Nimemwambia Mama Zulfa hivyo. Akanipakulia ugali. Shwari.

Saa nne nikasikia kwamba shule moja ya Nandagala nayo inaanzisha timu, na mwalimu wao, Felisian, anatafuta mzazi yeyote mwenye uzoefu. Nimempigia simu papo hapo. Nikamweleza kwamba mimi ni kocha, nimetoka jana tu kwenye mechi ya nje ya wilaya. Akafurahi mno. Akaniuliza kama naweza kuwafundisha kupiga. Nikamwambia kupiga ndiyo fani yangu.

Wananisubiri Jumatano, wazazi wote wataitwa waje kutazama. Kesho nimuulize Zulfa gongo linashikwa upande gani.