Shuka Sitini na Jua Langu

Jumatatu, 10 Machi

Jua kali. Safi sana! Shati nililoanika saa nne lilikauka kabla sijabana la pili. Nani kasema udobi ni kazi ngumu? Jua linafanya, mimi nasimamia.

Redioni bwana wa hali ya hewa kasema joto linakwisha: kesho upepo wa baridi, kisha mvua wiki nzima. Mtu mwenyewe hajawahi kufua hata soksi! Mke wangu, ambaye ndiye mpiga pasi wetu, akanikumbusha kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Nikamwonyesha mbingu. Peupe! Mchana nikampa fundi viatu turubai letu la uani, naye akanipa kamba mbili ndefu za kuanikia. Turubai la nini? Linatia kivuli tu.

Halafu habari kubwa. Meneja wa nyumba ya wageni ana shuka sitini, na wageni wa harusi wanafika Jumamosi mchana. Zikitoka vizuri, kazi yake yote ya mwaka inahama kwa Mama Mabati inakuja kwangu. Mama Mabati ni yule mjane, dobi wa ng'ambo ya barabara, anayeanika ndani ya banda la mabati na jiko la mkaa kama anakausha samaki. Nilicheka peke yangu. Mke wangu kasema mama huyo ameshamwomba mara tatu akampigie pasi, na hii kazi nikiiharibu, anakwenda. Vitisho vya ndoa hivyo, nimevizoea.

Jumanne, 11 Machi

Upepo umegeuka. Mtaa mzima umetoa masweta. Mimi nimevaa fulana, kwa msimamo. Nimepiga chafya mara nne.

Shuka zimefika. Mke wangu alishauri nifue ishirini leo leo, zipate upepo. Hajui biashara huyu! Nitafua zote kesho, nianike kwa mkupuo, watu waone dobi ni nani. Jioni nikapita dukani kudokeza kwamba nguo za Mama Mabati zinanuka moshi. Mwenye duka akanusa shati lake. Kisha akasogea akanusa langu. Akarudi nyuma. Sikununua kitu.

Jumatano, 12 Machi

Saa nane mchana shuka zote sitini zilikuwa kambani. Weupe mtupu! Watu walisimama kutazama. Nikajisikia mkubwa, nakiri.

Saa tisa, mvua. Si manyunyu, mvua! Watoto wangu walikimbia huku na huku wakivuta shuka, wakaziangusha nusu kwenye tope. Nikakimbilia kwa fundi viatu kuomba turubai kwa saa moja tu. Alikuwa amekaa chini yake, mkavu, anapiga kiatu msumari. Akauliza kamba zangu zinaendeleaje. Kuna watu wana roho mbaya.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Za tope tumezifua upya, sasa shuka milangoni, shuka juu ya viti, shuka kitandani kwetu. Tunapishana ndani kwa kupapasa. Mama mkwe alikuja kusalimia, akapotea kati ya sebule na jikoni, akaondoka kwa hasira. Faida pekee ya wiki.

Mke wangu amejaribu kukausha kwa pasi. Shuka moja, nusu saa. Kasema pasi si tanuri. Tanuri! Hapo akili ikanijia. Mwokaji wa mikate ana stoo nyuma ya tanuri, joto kama kiangazi. Nikakubali kumbebea magunia ya unga, naye akaniruhusu kuanika thelathini. Nimebeba magunia kumi na manne. Mgongo hauna kauli. Lakini kichwa, kichwa!

Ijumaa, 14 Machi

Zimekauka. Zimekauka sana. Stoo ya unga, jamani, kila gunia nililotua lilitoa wingu, na wingu lote likatua kwenye shuka mbichi. Zimekuwa chapati. Moja niliiegemeza ukutani, ikasimama yenyewe. Wengine kitumbua chao huingia mchanga, mimi shuka zangu zimeingia unga.

Mke wangu akazikung'uta, akazisuuza zote sitini, akazipakia kwenye mkokoteni, akavuka nazo barabara hadi bandani kwa Mama Mabati. Nikamkataza. Akauliza namkatazia nini, jua? Nilibaki mlangoni na fulana yangu, na kusema kweli niliona aibu. Ikapita.

Jumamosi, 15 Machi

Saa sita shuka sitini zilikuwa vitandani, nyeupe, zimenyooka. Meneja kazinusa. Hakuna moshi. Nilianza kumweleza jinsi nilivyosimamia, akanipita kwenda kumshika mkono Mama Mabati, aliyezileta pamoja na mke wangu. Kazi ya mwaka mzima imebaki kwake. Mke wangu naye kasema alichoahidi anatimiza: Jumatatu anaanza kule, na pasi anaondoka nayo.

Nilimsihi. Nilimwambia bila yeye mimi ni beseni na kamba tu. Kasema ameshaliona hilo, tena siku nyingi.

Jumatatu, 17 Machi

Bado mvua. Uani kimya, kamba zote hazina kitu. Nilikuwa karibu kulia, ndipo nikaona. Mjinga mimi! Sasa nina mtu wangu mwenyewe ndani ya kambi ya adui! Nikamwagiza asubuhi achunguze kila kitu, aniletee siri yote ya Mama Mabati. Alicheka mpaka akaketi.

Jioni amerudi, mkavu kabisa. Nikamvuta pembeni, nikamuuliza kwa sauti ya chini siri yao ni nini. Kasema ni paa.

Paa! Siku moja tu, na wameshamfundisha kunificha mambo.